Mgeni ndani ya injini ya simu: kupachika lugha ya skripti kwenye seva ya SIP

Chukua mstari mmoja wa Lua, lugha ndogo ya skripti, unaoiuliza hifadhidata swali na kusubiri jibu kwa sekunde mbili. Ukiuweka ndani ya FreeSWITCH, seva ya simu, mpigaji mmoja atakaa kimya sekunde mbili, basi. Ukiuweka uleule, herufi kwa herufi, ndani ya Kamailio, seva nyingine ya simu, iliyowashwa na michakato minane ya kupokea ujumbe, simu nane tu zikikutana kwenye mstari huo seva nzima inakuwa kiziwi. Haipokei simu nyingine, haisajili kifaa kingine, haipitishi hata ujumbe wa kukata simu ya mtu asiye na habari kabisa na hifadhidata hiyo.

Lugha ni ileile, mstari ni uleule. Kilichotofautiana ni nyumba. Ndiyo maana mjadala wa "tutumie Lua au Python?" hunichosha kidogo: unaanzia mbali na penye shida. Ukipachika lugha ya skripti ndani ya seva ya uashiriaji unamkaribisha mgeni kwenye nyumba yenye desturi zake, na karibu matatizo yote hutokea mlangoni, pale injini inapomkabidhi mgeni ujumbe na pale mgeni anapotakiwa kuurudisha.

Seva hii inafanya nini hasa

Simu inayopita kwenye intaneti ina njia mbili. Njia moja hubeba sauti yenyewe. Nyingine hubeba maneno ya kupanga simu: nani anamtafuta nani, yuko wapi, kifaa chake kinalia, amepokea, amekata. Hiyo ya pili ndiyo uashiriaji, na itifaki yake kubwa ni SIP, ambayo msingi wake unaotumika mpaka leo uliandikwa kwenye RFC 3261 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) ya Juni 2002. Ujumbe wa SIP ni maandishi unayoweza kuyasoma kwa macho: INVITE ya kuomba simu, 100 Trying ya kusema "nimekusikia, nashughulikia", 180 Ringing, 200 OK, ACK, na BYE ya kuagana.

Seva ya uashiriaji haigusi sauti. Hupokea ujumbe, huamua uende wapi, huurekebisha kidogo, huutuma, kisha huurukia unaofuata. Kila ujumbe unatakiwa umalizike kwa milisekunde chache au chini ya hapo.

Ugumu uko kwenye hilo neno "huamua". Kanuni za kusoma na kutuma ujumbe zimeandikwa kwenye RFC na hazibadiliki kila wiki, kwa hiyo zinafaa kuandikwa kwa C, zikafanyiwa kompaila na kusahauliwa. Maamuzi ni habari nyingine. Mteja huyu apitishwe njia ya bei nafuu baada ya saa mbili usiku; namba zinazoanza na tarakimu fulani zizuiwe; kifaa kikishindwa nywila mara tano kifungiwe. Mambo haya hubadilika leo na kesho, na anayeyabadilisha mara nyingi si mwandishi wa injini. Kwa hiyo kila aliyewahi kutengeneza seva ya namna hii alilazimika kujibu swali moja: maamuzi yaandikwe wapi?

Majibu yamekuwa mengi. RFC 3050 ya mwaka 2001 iliazima wazo la CGI kutoka kwenye seva za wavuti: ujumbe ukifika, seva inaamsha programu ya nje, inaipa ujumbe, inasoma jibu. Ni safi na ni salama, ila kuamsha programu nzima kwa kila ujumbe ni gharama ambayo seva ya maelfu ya ujumbe kwa sekunde haiwezi kuibeba. Mwaka 2004 ikaja CPL, RFC 3880, lugha ya XML iliyonyimwa vitanzi kwa makusudi. Wazo lilikuwa kwamba hata mtumiaji wa kawaida aweze kupakia kanuni zake kwenye seva bila hofu kwamba zitazunguka milele. Naipenda heshima ya CPL kwa seva, lakini lugha isiyoweza kurudia jambo hukuchosha mapema.

Jibu la tatu lilizaliwa Berlin, kwenye taasisi ya Fraunhofer FOKUS, ndani ya seva iliyoitwa SIP Express Router. Hiyo ilikuja na kilugha chake yenyewe kwenye faili la usanidi. Mwaka 2005 ukoo wake ukatoa OpenSER, na mwaka 2008 OpenSER ikagawanyika kuwa Kamailio na OpenSIPS. (Kamailio ni neno la Kihawaii lenye maana ya kuzungumza. Nadra programu kupewa jina linaloifaa hivyo.)

Kilugha hicho cha ndani kina sifa ambayo watu huikumbuka wakishaikosa: husomwa chote seva inapowaka. Ukikosea jina la fanksheni, seva inakataa kuwaka na kukuonyesha mstari. Lakini kilianza kama orodha ya masharti, kikaongezewa vigeu, kikaongezewa vitanzi, kikaongezewa namna za kushughulikia matini, na mwishowe kikawa lugha kamili ya programu ambayo hakuna aliyekaa chini akaibuni. Faili la usanidi la mistari elfu tatu kwa kilugha cha aina hiyo ni mzigo. Huwezi kulijaribu nje ya seva, huna maktaba, na kila fundi mpya huanza upya kujifunza kitu ambacho hatakitumia popote pengine.

Kupachika lugha nyingine halikuwa wazo geni. Moduli za Perl na Lua zilikuwapo tangu zamani, zikiitwa kutoka ndani ya kilugha cha asili kwa kazi ndogondogo. Kamailio 5.0, iliyotoka 2017, ilipindua mpango huo kwa kitu kiitwacho KEMI. Sasa faili la asili linabaki na mipangilio tu, na uamuzi wote wa njia unaandikwa kwa Lua, Python, JavaScript, Ruby au nyingine. Injini inaita fanksheni moja, `ksr_request_route`, kila ujumbe unapoingia, na ndani ya skripti kuna kitu kiitwacho `KSR` ambacho ndicho mlango wa kurudi kwenye injini.

Mlangoni

Tuusogelee mlango huo kwa upande wa Lua, maana ndiyo lugha iliyotengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya kuishi ndani ya programu za wengine. Ilizaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazili, na jina lake ni "mwezi" kwa Kireno. Mkalimani wake, yaani programu inayosoma na kuendesha skripti, wote hauzidi nusu megabaiti.

C na Lua hazishirikiani vigeu. Zinawasiliana kupitia rundo, kama sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine: C inaweka kitu juu, Lua inakichukua, Lua inaweka jibu juu, C inalichukua. Unapoandika `KSR.pv.get("$ru")` kuomba anwani ambako simu inaelekea, Lua inaweka neno `$ru` kwenye rundo na kuita fanksheni ya C. C inalisoma, inaitafuta anwani kwenye ujumbe uliopo, inaiweka juu ya rundo, na Lua inaondoka nayo.

Neno la kushika hapo ni nakala. Matini yanayovuka kuingia Lua hunakiliwa, kwa sababu Lua ina mkusanya taka wake (anayeachilia kumbukumbu isiyotumika tena) na haiwezi kuamini kumbukumbu ambayo C inaweza kuifuta wakati wowote. Kunakili baiti mia moja si kitu. Lakini maana yake ni kwamba unachokishika kwenye skripti ni picha ya ujumbe, na ukiibadilisha picha hujabadilisha ujumbe.

Hata ukipita mlangoni rasmi, kuna jambo linalowashtua wageni. Ongeza kichwa kipya (mstari wa maelezo kama `Expires: 3600`) kwenye ujumbe kwa fanksheni ya injini, kisha mstari unaofuata kisome. Hakipo. Injini za ukoo huu haziuandiki ujumbe upya kila unapoomba badiliko. Huandika orodha ya marekebisho pembeni (hapa futa, hapa ongeza) na kuyatekeleza yote kwa mpigo wakati wa kutuma. Ni ujanja mzuri wa kuokoa muda. Kwa anayetoka kwenye Python akitarajia kwamba alichoweka sasa hivi kipo sasa hivi, ni saa mbili za kujiuliza kama amerogwa. Ipo fanksheni ya kulazimisha marekebisho yatekelezwe papo hapo, lakini ukijikuta unaihitaji mara kwa mara, hesabu kwamba umeanza kuutumia ujumbe kama daftari la kuhifadhia mawazo yako.

Saa ya nani?

Turudi kwenye zile sekunde mbili, maana hapa ndipo wengi huumia.

FreeSWITCH huipa kila simu uzi wake wa utekelezaji, na skripti ya Lua inayoiendesha simu hiyo hupata mkalimani wake. Ukilala, umelala peke yako. Kamailio haiendi hivyo. Inapowaka hujigawa kuwa michakato kadhaa, na kila mmoja unafanya kitu kimoja bila kuchoka: chukua ujumbe kwenye soketi, uendeshe mpaka mwisho, rudi uchukue mwingine. Hakuna uzi wa simu. Tukiangalia kwa makini hakuna hata simu. Kuna ujumbe mmojammoja. Skripti yako inapoendesha, imeazima mchakato mzima.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Michakato minane, kila ujumbe ukichukua milisekunde 1: uwezo ni ujumbe 8,000 kwa sekunde. Ongeza swali la hifadhidata la milisekunde 200 kwa kila ujumbe: kila mchakato sasa unamudu 5 kwa sekunde, na wote kwa pamoja 40. Hujaongeza kazi hata kidogo kwa kichakataji. Ukiangalia mashine utaona imelala usingizi, asilimia mbili ya matumizi, huku simu zikifa.

Kisha inakuja sehemu mbaya zaidi. SIP juu ya UDP haina uhakika wa kufika, kwa hiyo anayetuma INVITE asipojibiwa hurudia: baada ya nusu sekunde, kisha sekunde moja, mbili, nne, muda ukijizidisha mara mbili, hadi anapokata tamaa kwenye sekunde ya 32. Jumla ni nakala saba za ujumbe mmoja. Anayesajili kifaa hurudia zaidi, kwa sababu kwa ujumbe usio INVITE muda hauzidi sekunde nne: nakala kumi na moja. Seva iliyochelewa kwa sababu ina ujumbe mwingi hupewa ujumbe mwingi zaidi kwa sababu imechelewa.

Na skripti inaweza kuongeza petroli bila kujua. Injini huutambua ujumbe uliorudiwa na kuumeza kimyakimya, lakini tu ikiwa muamala wa ule wa kwanza, yaani rekodi ya injini kuhusu ombi na majibu yake, umeshafunguliwa. Skripti nyingi hufungua muamala mwishoni kabisa, pale zinapotuma ujumbe mbele. Kwa hiyo wakati mchakato wa kwanza unasubiri hifadhidata kuhusu simu ya mtu fulani, nakala ya pili ya INVITE yake inaingia kwenye mchakato wa pili, ambao nao unaiuliza hifadhidata swali lilelile. Nusu dakika baadaye nusu ya seva inaweza kuwa inashughulikia simu ya mtu mmoja ambaye ameshakata tamaa. Dawa ni nyepesi: fungua muamala mapema, jibu 100 Trying mara moja, *ndipo* ukaulize ya kuuliza. Mpigaji akiona 100 anaacha kurudia.

Hapo mtu aliyewahi kuandika programu za wavuti atanyoosha mkono. Si Lua ina korutini? Kwenye OpenResty, Lua iliyopachikwa ndani ya seva ya wavuti ya nginx, unaandika swali la mtandao kama vile unasubiri, lakini chini kwa chini korutini inasimamishwa, mchakato unaenda kuhudumia wengine, na jibu likija unaendelea ulipoachia. Kwa nini isiwe hivyo hapa?

Kwa sababu kule korutini huamka ndani ya mchakato uleule uliolala nao. Kamailio ina namna ya kusimamisha muamala na kuuendeleza baadaye, na ni nzuri, lakini kinachohifadhiwa ni muamala, kwenye kumbukumbu ya pamoja, na jibu likija anayeuendeleza anaweza kuwa mchakato mwingine kabisa. Korutini ni mali ya mkalimani mmoja ndani ya mchakato mmoja. Haiwezi kuvuka ukuta. Hivyo unalazimika kuigawa fanksheni yako vipande viwili: cha kwanza kinauliza na kutaja jina la fanksheni itakayoendelea, cha pili kinaanza upya bila kigeu chochote cha kile cha kwanza. Kama ulikuwa umeshapata namba ya mteja na kuiweka kwenye `local mteja`, imepotea. Ilitakiwa uifunge kwenye muamala wenyewe, kwenye vigeu vya injini vinavyosafiri nao.

Si raha kuandika hivyo. Lakini ni uaminifu: msimbo unaonyesha wazi kwamba kati ya kipande cha kwanza na cha pili dunia imeendelea kuzunguka, na pengine mpigaji ameshakata.

Kaunta nane

Ukuta huohuo kati ya michakato unaeleza kosa jingine ambalo nimeliona likiandikwa na watu makini. Mtu anataka kuzuia mteja asizidishe simu 10 kwa wakati mmoja. Anaandika juu ya faili, nje ya fanksheni zote, `simu = {}`, kisha kila INVITE anaongeza moja na kila BYE anapunguza moja. Anajaribu mezani kwake, inafanya kazi vizuri. Anaipeleka kazini, na mteja anapiga simu hamsini.

Kila mchakato una mkalimani wake, na kila mkalimani una `simu` yake. Kaunta ni nane, na kikomo halisi kinaweza kufika 80. Tena BYE ya simu iliyohesabiwa kwenye mchakato wa tatu inaweza kuangukia wa sita, kwa hiyo kaunta moja inapanda bila kushuka na nyingine inazama chini ya sifuri. Mezani ilifanya kazi kwa sababu mezani aliwasha mchakato mmoja.

Hali inayohusu zaidi ya ujumbe mmoja ikae upande wa injini, kwenye jedwali la kumbukumbu ya pamoja. Na hata hapo usisome, ukaongeza, ukaandika. Kati ya kusoma na kuandika kwako mwenzako ameshasoma thamani ileile. Kamailio ina namna ya kuongeza moja na kupata jibu kwa hatua moja isiyogawanyika, `$shtinc`, na imewekwa kwa sababu hiyohiyo.

Kuna faida ya pembeni ya mpangilio huu: ile kufuli maarufu ya Python, inayoruhusu uzi mmoja tu kuendesha msimbo kwa wakati, haina madhara makubwa hapa. Michakato minane ni wakalimani wanane na kufuli nane, hakuna anayemngoja mwenzake. Kwenye seva ya nyuzi ungelazimika kuifikiria. Kwa mara nyingine nyumba ndiyo iliyoamua.

Kutoka bila kuvunja mlango

Hili nililinunua kwa gharama yangu.

Kwenye kilugha cha asili lipo neno `exit`: maliza, usiendelee na ujumbe huu, hata kama uko ndani ya fanksheni iliyoitwa na fanksheni iliyoitwa na nyingine. Aliyehamia Lua hulitafuta, na Lua inayo `os.exit()`. Usiiguse. Hiyo humaliza mchakato, si ujumbe, na Kamailio ikiona mtoto wake mmoja amekufa huzima familia yote. Mstari mmoja, na kila simu inayopangwa wakati huo imepotea.

Kilicho sahihi ni `KSR.x.exit()`. Lakini fikiria inavyofanya kazi. Fanksheni ya C iliyoitwa kutoka ndani ya Lua inawezaje kuifanya Lua iache kila kitu na kurudi nje? Njia iliyopo ni kurusha kosa. Injini inarusha kosa maalumu, linapanda juu kupitia fanksheni zote, na mlangoni injini inalitambua: hili si kosa, hili ni kuaga.

Mimi nilikuwa na hofu nyingine. Lua haikagui majina mpaka mstari ufikiwe. Ukiandika `t_realy` badala ya `t_relay`, fanksheni ya kutuma ujumbe mbele, ndani ya tawi linaloshughulikia simu zilizoelekezwa kwingine, seva itawaka bila neno, itafanya kazi wiki nzima, na siku simu ya kwanza ya namna hiyo itakapoingia skripti itaanguka, ujumbe utapotea bila jibu, na mpigaji atangoja sekunde 32 za ukimya. Kwa hiyo nilijifanya mwerevu, nikaifunika kazi yote kwa `pcall`, fanksheni ya Lua inayonasa makosa:

```
function ksr_request_route()
  local sawa, kosa = pcall(panga_simu)
  if not sawa then
    KSR.err("skripti imeanguka: " .. tostring(kosa) .. "\n")
    KSR.sl.send_reply(500, "Server Error")
  end
end
```

Msomaji ameshaona. Ndani ya `panga_simu` ujumbe ulitumwa mbele vizuri, kisha ikaitwa `KSR.x.exit()`, ambayo ilirusha kosa lake la kuaga, ambalo `pcall` yangu ililinasa kabla halijafika mlangoni, na nikamjibu mpigaji 500. Upande mmoja simu inalia. Upande wa pili mpigaji ameambiwa imeshindikana, na anapiga tena. Malalamiko ya kwanza yalisema "watu wanapigiwa na simu zisizo na mtu", na nilitumia muda mrefu nikitafuta tatizo kwenye sauti, mahali ambapo seva yangu haifiki kabisa.

Marekebisho yenyewe ni mistari miwili: tazama kosa lililonaswa, kama ni lile la kuaga lirushe tena. Siku hizi nafanya zaidi: situmii `exit` ndani ya fanksheni za ndani. Kila fanksheni inarudisha jibu, "nimemaliza" au "endelea", na fanksheni ya juu ndiyo inayoamua. Inaongeza maneno, lakini njia ya kutoka inaonekana kwa macho.

Vitu vidogo vinavyouma

Namba. Mpaka Lua 5.2 kulikuwa na aina moja tu ya namba. Toleo la 5.3 la mwaka 2015 lilitenganisha namba kamili na zenye desimali, na alama ya kugawanya hutoa desimali siku zote. Kwa hiyo ukitaka kifaa kijisajili upya baada ya nusu ya muda kilioomba na ukaandika `"Expires: " .. 7200 / 2`, Lua ya zamani inakupa `Expires: 3600` na mpya inakupa `Expires: 3600.0`. SIP inataka tarakimu tu hapo. Vifaa vingine vitalivumilia hilo, vingine vitalikataa, na utaapa kwamba hukubadilisha chochote, maana ni kweli hukubadilisha. Aliyebadilisha ni aliyesasisha mfumo. Alama `//` hutoa namba kamili.

Kubadilisha skripti bila kuzima seva ndiyo zawadi kubwa ya kupachika, na kwa wengi ndiyo sababu yote. Unatoa amri, toleo jipya linatangazwa kwenye kumbukumbu ya pamoja, na kila mchakato hulipakia unapopata ujumbe wake unaofuata. Zingatia neno "unaofuata": kwa muda mfupi matoleo mawili yanaishi pamoja, na simu iliyosimamishwa na la zamani inaweza kuendelezwa na jipya. Ukibadilisha jina la fanksheni ya kuendeleza, acha la zamani lipo kwa muda. Na kabla ya kutoa amri endesha `luac -p` kwenye faili. Haitakamata `t_realy`, lakini itakamata `end` iliyosahaulika.

Kuhusu kumfunga mgeni kamba: Lua inamruhusu mwenye nyumba kuweka ukaguzi kila baada ya maelekezo kadhaa na kukatisha skripti iliyozidi, na pia kumpa mgeni mgawo wa kumbukumbu asiouvuka. Vizuri kwa kitanzi kisichoisha. Lakini ukaguzi huo hauendeshwi wakati skripti iko ndani ya fanksheni ya C, na kusubiri hifadhidata ni kukaa ndani ya fanksheni ya C. Kwa hiyo hautakusaidia kwenye tatizo lililo la kawaida zaidi. Pale tegemea kikomo cha muda cha soketi yenyewe, na kiwe kifupi. Milisekunde mia mbili kisha uamuzi wa akiba ni bora kuliko jibu sahihi lililofika wakati seva imeshazama.

Sasa, lugha gani?

Kama skripti inaamua tu (inasoma vigeu vichache, inatazama jedwali la kumbukumbu ya pamoja, inachagua njia), Lua inatosha na ni nyepesi. Python ina maktaba nyingi zaidi, na hapo ndipo ninapoiogopa kidogo: maktaba zake nyingi zimeandikwa kwa dhana kwamba kusubiri ni sawa. Ukiona unaingiza maktaba ya HTTP ya kawaida ndani ya skripti ya uashiriaji, kazi hiyo imekosea nyumba. Ipeleke kwenye programu ya pembeni, iulize kwa njia isiyosubiri, au iandae majibu mapema na kuyaweka kwenye jedwali ambalo skripti italisoma bila kutoka nje.

Nilichokipata kutoka Lua, na ambacho kilugha cha asili hakikunipa kamwe, ni uwezo wa kuijaribu skripti bila seva. `KSR` kwa macho ya Lua ni jedwali tu. Mezani natengeneza `KSR` bandia ambayo `pv.get` yake inasoma thamani nilizozipanga na `tm.t_relay` yake inaandika tu kwamba imeitwa, kisha naita `ksr_request_route` kama injini inavyoiita. `KSR.x.exit` ya bandia nayo hurusha kosa, kama ile halisi. Jaribio la kwanza kwenye faili langu linapitisha INVITE moja ya kawaida na kuhesabu: ujumbe umetumwa mbele mara moja, majibu ya 500 ni sifuri.